Mtoto hasikii

Jumanne.

Hivi nilikosea wapi? Jana niliandika kwenye daftari la Kabula, mwanafunzi wangu wa darasa la pili: "Mzazi, mtoto hasikii darasani. Naomba uje tuongee." Nilimaanisha masikio.

Asubuhi mama yake akaja, akapiga goti kunisalimia. "Samahani, mwalimu. Baba yake kamchapa jana. Sasa atasikia."

Kiswahili chake ni kidogo, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu, basi nikagusa sikio langu, nikatikisa kichwa.

"Ndiyo, mwalimu. Na masikio tumemvuta."

Alipoondoka nilimhamishia Kabula kwenye dawati la mbele. Nikasimama nyuma yake, nikamwita taratibu. Hakugeuka.

Sasa sielewi. Hakunisikia, au alinisikia na hataki tena kuniitikia?