Magunia Yasiyo Yangu

Jumanne, baada ya magaribi

Hapana, sitalipa. Naandika hapa ili kesho nisianze kulegea.

Leo ajenti wa kodi aliingia butiki, akahesabu magunia ya mupunga yaliyo nyuma, akayaandika yote kwa jina langu. "Mama, mutu mwenye mali hii si muchuuzi mudogo tena. Patenti ya wachuuzi wadogo haitoshi. Utalipa kodi ya faida kama kampuni."

Nikamwambia magunia ni ya wakulima wa Kabambare. Wanayaacha kwangu mpaka wapate lori ya kwenda Kindu, kama walivyoyaacha kwa marehemu mama, bila kulipa hata mia. Akacheka. "Nani analinda mali ya mwingine bure?"

Hasira ikanipanda. "Umesema kodi iko ya faida. Haya, nionyeshe faida yangu ndani ya mupunga huu!"

Akashusha sauti: nimpe pesa kidogo tu, bila kitansi wala karatasi yoyote, yaishe. Nikakataa kwa sauti kubwa, wateja wote wakasikia.

Naogopa, ndiyo. Anaweza kunifungia butiki. Na njia rahisi naijua: niwaambie watu wa Kabambare watafute mahali pengine. Lakini mama angenilaumu.

Jioni hii baba mmoja wa Kabambare ameshuka kwenye pikipiki na magunia mawili, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Nimemfungulia mulango. Nimempa kipande cha makaa, nikamwambia aandike jina lake juu ya kila gunia, herufi kubwa.

Alipoondoka nikachukua makaa yale, nikaandika majina ya wenyewe wote juu ya magunia mengine. Nimefika gunia la mwisho bila kuandika jina langu hata mara moja.

Ajenti aje kusoma.