Nani Alinifundisha Kumwita Mungu Mama

Njia ya Kasapa,
Lubumbashi.
Tarehe 14 Oktoba 2025

Mpendwa Mama mdogo Katongo,

Kabla ya habari yoyote, niambie goti lako la kushoto linaendeleaje. Siku ile ulipopanda lori kurudi Kasomeno ulikuwa unachechemea, nami niliona aibu kwamba uliumia kwa kucheza ngoma ya harusi yangu. Je, unalala vizuri? Samaki wanauzika? Na jirani yako Mama Mwaba amepona ile homa? Sisi huku tuko wazima. Joto la Oktoba linatuchoma, na mvua inatutisha kila jioni kisha inakwenda zake.

Mama mdogo, nimeolewa! Bado naliandika neno hilo kama mtoto anayejifunza herufi. Osée ni mwema kuliko nilivyokueleza. Akirudi kutoka kutengeneza friji za watu, ananiletea karanga kwenye mfuko wa shati, na shati zima linanukia karanga na kutu, na mimi napenda hata harufu hiyo. Asubuhi ananitazama nikisuka nywele mpaka anachelewa kazini. Ningeweza kujaza kurasa kumi juu ya macho yake peke yake.

Lakini wiki tatu hizi furaha yangu ilikuwa na kisu shingoni. Simu yako haikupatikana hata mara moja, ndiyo maana naandika. Dereva wa lori la Kasenga, linalopita hapo kwenu, ataibeba barua hii kesho asubuhi.

Unakumbuka siku zile saba uliponifungia ndani kunifundisha mambo ya ndoa. Uliniambia kwamba siku nitakapowasha makaa kwenye mbabula kwangu mara ya kwanza, kabla mtu hajamega bukari, nisali sala ya Kambo Mwape, bibi yangu na mama yako, jinsi alivyoisali mpaka alipotuacha. Basi nilifanya hivyo. Ilikuwa Jumapili, kesho yake baada ya harusi. Wewe ulikuwa bado mjini, umelala kwa mjomba wako, Kambo Mukuka, na goti lako, na mimi sikutaka kukusumbua kwa yaliyotokea.

Nyumba yetu ni vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wazazi wa Osée, katika lupango moja, ua mmoja. Walikuja wote. Baba mkwe wangu, Papa Liévin, ni katekista wa miaka mingi, mtoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka kaskazini. Kwao mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Maneno yanapitia kwa mama mkwe, hata kama mmeketi hatua mbili. Basi Mama Brigitte akaniambia nisali. Nikafumba macho, nikasema kwa moyo wote: “Mama Mungu, wewe uliyetuzaa bila kuchoka, weka mkono wako katika chungu hiki, asitoke mtu hapa na njaa.”

Nilipofumbua macho, hakuna aliyesema amina. Mkono wa Papa ulikuwa bado ndani ya beseni la kunawia. Aliutoa, akaufuta taratibu, kidole baada ya kidole, akasimama.

“Brigitte, umuulize huyu mutoto. Mungu eko mwanamuke tangu lini?”

Nilijibu jambo baya kuliko yote, nikataja kwetu. Nilisema: “Njo bile balinifundisha kwetu.”

“Kwabo!” akasema Papa. “Umesikia? Kwabo batoto ni ba ukoo wa mama. Leo Mungu eko mama. Kesho bajukuu yangu bote batakuwa ba kwabo.”

Alidhani pia nimeingia katika kikundi fulani cha maombi, vile vinavyoota kila kona. Akanipa wiki tatu. Niseme nani alinifundisha, na neno lenyewe lilianzia wapi. Nikikosa jibu, nirudishwe kwetu nikafundishwe upya. Wewe ni mwalimu wa mabibi harusi, unajua maana yake. Ningetembezwa mchana kweupe na mkeka wangu na chungu changu kichwani, nyuma ya mama mkwe, majirani wote wametoka malangoni.

Tangu siku hiyo Papa hakula kwa mkono wangu. Desturi yao ni kwamba mwezi wa kwanza mke mpya ndiye anayepika chakula cha mchana cha baba mkwe. Kila siku nilipika, nikafunika sahani kwa sahani, nikampa Mama Brigitte. Kila siku sahani ilirudi kama ilivyokwenda, bukari imepoa, mboga haijaguswa. Na Osée, mume wangu, aliila yote, juu ya chakula chake mwenyewe, ili nisimwage. Wiki tatu, Mama mdogo! Sasa ana kitambi. Nikilia ananiambia: “Wacha nikule. Siku moja Papa atasikia wivu.” Lakini alipokwenda kumsihi baba yake alirudi, akaketi akichezea bisibisi, nami nikajua hakupata kitu.

Wifi yangu Kiki, anayesoma historia chuo kikuu pale Kasapa, alinipa jina. “Mama Mungu, maji iko?” “Mama Mungu, kuja uzime radio!” Nilimchukia. Lakini siku moja aliniona nikilia kwenye kamba ya nguo, akaacha mzaha, akaketi nami. Alisema walimu wao wenyewe hawakubaliani. Wengine wanadhani watu wa kale waliona mwanamke anatoa mtu tumboni, na udongo unatoa chakula, wakafikiri aliyetoa dunia yote lazima awe hivyo. Wengine wanasema hakuna ajuaye, kwa sababu sanamu za udongo za zamani hazisemi.

“Lakini Papa hataki habari ya bantu ya zamani,” akasema Kiki. “Anataka jina. Sema ni mama mudogo wako wa Kasomeno alikudanganya, mambo iishe.”

Naomba msamaha kwa sababu ya kitu ninachoandika sasa. Nilifikiria kufanya hivyo. Usiku mmoja mzima nilikuwa nimekwisha kukuuza. Wangekuita hapa, na hakuna mama ambaye angekupa tena binti yake umfundishe. Asubuhi nilipomwona Osée anameza ile bukari baridi ya jana, nikaona haya. Nikavaa viatu, nikaenda Kasungami kwa Kambo Mukuka.

Nilimkuta mjomba wako kati ya matuta yake ya mboga za lenga-lenga, amekonda lakini ulimi ni uleule. “Bibi harusi gani anatembea bila zawadi?” akasema. Nilipomweleza, aliweka ndoo chini. Sijui kama Kambo Mwape aliwahi kukusimulia haya. Mukuka alizaliwa baadaye, kwa mke wa pili, naye aliyasikia kwa baba yao.

Mama yake Kambo Mwape alifariki siku ileile ya kumzaa, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake alibaki na kichanga mikononi na kazi ya zamu. Basi wanawake wanne wa kambi, waliokuwa na watoto wao, wakagawana siku. Mmoja alimnyonyesha alfajiri, mwingine mchana, mwingine jioni, mwingine usiku. Hawakuwa wa kabila moja, wala hawakusali kanisa moja. Kisha waume wakahamishwa, mmoja mmoja, na wanawake wakaondoka nao. Mwape alipofika miaka mitano akamuuliza baba yake: mama yangu ni nani? Yule mtu, ametoka chini ya ardhi na vumbi usoni, hakuweza kuchagua mmoja kati ya wanne. Akamwambia: “Ni Mungu. Alikuwa anakuja kwako mara nne kwa siku.”

Mtoto akaamini kama alivyoambiwa. Ndipo neno lilipoanzia, Mama mdogo. Kuhusu dunia nzima sijui. Kwetu lilianzia hapo.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Papa aliketi barazani na familia. Nilipiga magoti juu ya mkeka. Niliposema sentensi moja, Mama Brigitte aliirudia kwa mume wake, ingawa Papa ameisikia mwenyewe. Tulikwenda hivyo, sentensi baada ya sentensi, mpaka kwa wale wanawake wanne. Hapo Mama Brigitte aliacha kurudia. Akajifunika uso kwa kitenge. Nikaendelea peke yangu, naye Papa akanisikiliza bila mtu katikati.

Nilipomaliza aligeuza uso. Kisha akasema, akitazama ukuta: “Umuulize, bale bamama ine, banajua majina yabo?”

Nikasema hapana, yamepotea.

“Mama yangu naye, kule kambi ya reli, alinyonyesha batoto ba bengine,” akasema. “Hakuna mwenye aliuliza ukoo.”

Akasimama, akaingia ndani. Hakusema nibaki, hakusema niende. Osée alinitazama, nami nikamtazama. Mkeka wangu ulikuwa bado chini.

Sikujua la kufanya, basi nikapika. Nilichukua wale samaki wakavu ulionipa. Nilipowasha mbabula nilijua Papa yuko dirishani, hatua kumi tu. Ningeweza kusali kimya. Mama mdogo, nilisali kwa sauti, sala ileile, neno kwa neno, mlango wazi. Kisha nikafunika sahani kwa sahani, nikampa Mama Brigitte.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, sahani zilikuwa zimefunikwa kama siku zote. Nikainua ile ya juu. Kulikuwa na mfupa wa mgongo wa samaki, mweupe, umesafishwa kabisa.

“Papa anasema chumvi ilipunguka,” akasema Mama Brigitte.

Nilikaa chini sakafuni, nikacheka na kulia pamoja. Na Osée, kitambi chake mlangoni, akaiangalia sahani ile tupu: “Sasa miye nitakula nini?”

Msalimie sana Mama Mwaba, na Bwalya na wanawe, na wote walionichezea. Mukuka anasema umletee samaki, maana mimi nilikwenda mikono mitupu. Osée anakusalimu kwa heshima, Kiki pia. Yeye aliyemjia Kambo Mwape mara nne kwa siku akujie nawe hata mara moja, akushike hilo goti.

Mimi mwanao nikupendaye, ambaye bado yuko kwa mume wake,

Joëlle