Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Kijiji cha Saba, Nchi ya Joto
Mwezi wa Tahsas

Kwa mama yangu mpenzi Tsehaynesh,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mianzi ya huku, na mianzi ya huku hakuna aliyewahi kuimaliza. U hali gani, mama? Magoti je? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Nawasalimu jirani wote wa mlimani, waliobaki na waliorudi, na punda wetu kama bado hajauzwa. Mimi, Mungu ashukuriwe, ni mzima, ikiwa uzima ni mtu kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Aba Tekle, najua ni wewe unayesoma, maana nilimwapisha dereva wa lori asiikabidhi barua hii kwa mtu mwingine. Naomba baraka yako, baba. Wewe ndiwe baba wa toba wa mama yangu, na mengine ya humu yanataka sikio kama lako. Kama watoto wa jirani wamejazana mlangoni kusikiliza habari, kama ilivyo desturi yao, wape shayiri ya kukaanga waende zao.

Mama, rambirambi zako zilinifika. Dereva alinieleza ulivyojifunga mshipi wa msiba na kunyoa nywele kwa ajili ya mjukuu wako Tirunesh, na ulivyoanza kutenga shayiri ya kupikia pombe ya karamu yake ya mwaka, Aba apate kumsomea sala ya wafu na maskini wapate kula. Kwa nchi iliyotoka kwenye njaa juzi tu, hiyo shayiri najua umeitoa mdomoni mwako. Lakini nakuomba, tena nakushika magoti: usiloweke hata punje moja kabla Aba hajafika mwisho wa barua hii.

Nianze mwanzo, maana hujapata kusikia kwa kinywa changu.

Unakumbuka yule kada aliyetujia kambini, tulipokuwa tunapanga foleni ya uji. Alituambia serikali imetutafutia ardhi nyeusi, yenye mvua, isiyo na mwenyewe. Kila nyumba ingeezekwa bati, na kila mwanamume angepewa jozi ya ng'ombe wa kulimia. Basi walitushusha mahali ambapo barabara ilikuwa imechoka, mbele yetu mianzi, na majani marefu yanayomfunika mtu aliyepanda farasi. Mume wangu Ayalew alitazama huku na huku, akamwambia kada kwamba nyumba anaziona, ila bado hazijaota. Watu walicheka, na wengi walikuwa hawajacheka tangu mwaka jana. Kada naye akacheka, kisha akampa shoka la kwanza.

Tulifanya kazi kwa filimbi. Filimbi ikilia mnakata, ikilia mnakula, ikilia tena mnachoma. Shamba lilikuwa la wote, kwa hiyo halikuwa la mtu. Wanaume walishinda mchana kutwa juu ya visiki ambavyo trekta lilishindwa kuving'oa, na sisi wanawake tukafuata nyuma tukikusanya miiba. Mama, joto la huku halisemeki. Na sisi watu wa baridi tulikuwa bado tumejitanda shuka zetu nene, maana mwanamke kuvua shuka mbele za watu ni aibu. Ile mbegu ya tefu niliyoibeba kwenye pindo la nguo, nikisema Tirunesh asisahau ladha ya mkate wetu wa injera, ilichipua vizuri, ikanenepa majani, kisha ikaoza ikiwa imesimama.

Halafu homa ikaja. Ilianza na watoto.

Siku moja Ayalew alifukua jiwe la kusagia chini ya mizizi ya majani. Jiwe zuri, limelika katikati kwa kazi ya mikono. Na pale pale, ukiyaondoa majani, ardhi ilikuwa na matuta ya jembe la mkono. Nilimwuliza kada, akajibu kwamba hayo ni ya watu waliokwisha zamani. Nami kwa kuwa sikuwa na jiwe nililichukua, nikafurahi kama mjinga. Sisi wa mlimani shamba letu tunalilima kila mwaka mpaka mawe yanabaki wazi, na pasipolimwa tunajua pana wafu au pana shetani. Hatukujua kwamba kuna watu wanaoliacha shamba lipumzike miaka na miaka, msitu uote juu yake, kisha wanalirudia.

Mwenye jiwe alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa Kigumuz, wenyeji wa huku, mrefu, mweusi, ana fito begani na vibuyu viwili vinaning'inia. Alisimama mlangoni kwangu akinitazama ninavyosaga. Lugha yetu aliipata sokoni, ameikatakata lakini inaeleweka. Neno la kwanza aliloniambia ni hili: "We mama, umevaa nyumba? Vua hiyo, utaiva!" Jina lake Dahine. Aliinama akalipapasa jiwe, akasema ni la mama yake. Nilimwambia kwa aibu kwamba tuliambiwa wenyewe walikufa. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nani kafa? Mimi? Shamba limelala tu. Nyie mkimkuta mtu kalala mnamzika?"

Nilitaka kumrudishia jiwe lake. Akakataa, akasema saga tu, jiwe halina wivu, na jiwe jingine atalipata, mama mwingine ndiye hapati. Ndivyo tulivyoanza. Alikuwa akija na viazi vya porini, na asali, na magome machungu ya kuchemshia homa. Mimi nikimkaangia kahawa, duru zote tatu, na kila mara alikuwa anakunywa ya kwanza anataka kuondoka, namvuta nguo, namwambia huku kwetu ukiondoka kabla ya ya tatu umeondoka na baraka ya mwenye nyumba. Alikuwa ananitania kwamba watu wa mlimani wana maneno mengi kuliko chakula.

Mvua zilipokolea Tirunesh alishikwa na homa. Zahanati ilikuwa na mlango mzuri na kufuli zuri, dawa hakuna. Dahine alimbeba mgongoni akavuka naye kijito, akakaa naye kwake mpaka akapona. Ayalew alikuwa akienda kila jioni kumtazama, ndiyo maana alizijua njia zote za kule. Mtoto alirudi ananena maneno ya Kigumuz na kutucheka tusipoyaelewa.

Tukashauriana, mimi na Ayalew. Tulisema huyu mama tumlipe nini, na mkono mtupu haulambwi? Hatuna kitu. Tukakumbuka desturi yetu. Unakumbuka mjomba alivyomfanya yule mtoto wa adui yake kuwa mwana wa ziwa, yaani wa kunyonya, akajipaka asali kidoleni, mtoto akanyonya, na ugomvi wa vizazi ukaishia pale. Basi Dahine alijipaka asali yake mwenyewe kwenye chuchu, Tirunesh akanyonya mbele ya mashahidi wa pande mbili, na Ayalew akala kiapo. Mimi nilidhani ni kama kwetu, mwana wa ziwa humtembelea mama wa ziwa sikukuu na kumpelekea siagi. Dahine hakuelewa hivyo. Alimfungia mtoto shanga za ukoo wao, akawatangazia ndugu zake kwamba amezaa. Akaniambia tangu siku ile mtoto akilia upande wowote wa kijito, yeye ataamka.

Kisha mambo yakaharibika. Vijana wa kijiji jirani waliangusha mti wenye mizinga ya asali ya watu wa Dahine, wakala asali, wakachoma mti. Mwenye mizinga akapiga mshale. Wanamgambo wakaja na bunduki, na tangu hapo ikawa marufuku kuzungumza na watu wa porini. Anayezungumza nao ni adui wa maendeleo. Baadaye kada alisimama mkutanoni akatangaza kwamba ng'ambo ya kijito nako kutafunguliwa, ardhi ipo, imelala bure, haina mwenyewe. Akataka mtu anayejua njia.

Ayalew akanyoosha mkono, mama.

Nilimsubiri nyumbani nikamwuliza kama ana wazimu. Nilimwambia kule ndiko mwanao alikoponea. Akaniambia nimwache. Kada amemwahidi ng'ombe wawili, na yeye amechoka kuitwa mwanamume huku anatafuna udongo kwa jembe la mkono. Alisema, "Yeshimebet, mimi bila ng'ombe ni nani? Niambie." Unamjua Ayalew, si mtu mbaya. Baba yake alikufa ameshika mkono wa jembe la ng'ombe, na yeye hajui namna nyingine ya kuwa mtu. Akaondoka na kikosi kwenda kukata njia, wakalala huko huko porini kwa majuma.

Aba, sasa ninakuja kwenye neno lenyewe. Hapa funga mlango, umsogelee mama, umsomee sikioni. Na lililo humu lihesabu kuwa nimelisema magotini, kwenye toba.

Ayalew akiwa huko, homa ilirudi. Safari hii ilipita kijijini nyumba kwa nyumba. Wachimba makaburi walikuwa wanachimba asubuhi kabla ya kuambiwa ni nani, kwa kuwa walijua atapatikana. Padri hatuna, kengele hatuna, wafu walienda kama walivyokuja. Tirunesh alilala siku nzima akiwa wa moto, macho yamegeukia juu. Nikambeba mgongoni nikaenda kuteka maji, nikiogopa nikimwacha ndani sitamkuta.

Dahine alikuwa ng'ambo ya kijito, na nyuma yake ukoo wake wote wamejitwika vyungu na majembe. Walikwisha jua kwamba trekta linakuja. Walikuwa wanahama kwenda ndani zaidi, mahali ambapo hata majina hapana. Alivuka, akamshika mtoto paji la uso. Hakutania siku hiyo. Aliniambia, "Huyu hapa kwenu anakufa. Kesho, kesho kutwa. Nipe." Nikamwambia akimchukua sitamwona tena. Akasema kweli, hutamwona.

Nikamfungua mgongoni, nikampa.

Tirunesh hakulia. Alimtambua, akamlalia begani. Dahine aliniuliza kama nina neno la kumwambia mtoto akikua, na mimi, ambaye wewe umenigombeza maisha yangu yote kwa mdomo mrefu, sikupata hata moja. Wakaingia majanini, na majani yakarudi yalivyokuwa.

Nilikaa pale nikafikiri. Nikisema mtoto amekwenda na watu wa porini, kada atasema ametekwa, wanamgambo watafuata na bunduki, na atakayewaongoza ni Ayalew, kwa kuwa ni baba na kwa kuwa ndiye anayejua njia. Lisilobudi hutendwa. Nilikata vipande vya mianzi kwa urefu wake, nikavizungushia nguo zake, nikavifunga kwenye shuka yangu nikashona. Wachimbaji hawakuuliza. Nililia kaburini, mama, na kile kilio hakikuwa cha uongo.

Ayalew aliporudi na ng'ombe wake wawili, nilimpeleka akaone tuta la kaburi. Alijitupa chini akala udongo. Wale ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa kabla ya mvua kwisha, na hakuwatazama hata mara moja.

Sasa sikiliza lililonikaba. Watu wameanza kutoroka. Wanapita usiku kuelekea milimani, na wengine wamefika, umewaona mwenyewe. Nilimwambia Ayalew nasi twende, tufie kwetu. Amekataa. Anasema hawezi kumwacha mtoto peke yake kwenye nchi ya watu. Kila Jumapili anafagia tuta, anaondoa majani yanayoota, anakaa pale anaongea nalo, na ameniomba akifa nimlaze ubavuni pake. Kada na trekta lake walishindwa kumfunga mume wangu na ardhi hii, nami nimemfunga kwa fungu la mianzi. Mara ngapi nimefungua kinywa nimwambie! Lakini anakunywa siku hizi, na akinywa anaongea, na wanamgambo bado wapo ng'ambo. Nikinyamaza namwua yeye. Nikisema pengine namwua mtoto. Sina njia ya tatu, nimeitafuta.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mshipi wa msiba usiuvue, na ukitembelewa lia, watu wakuone, maana habari husafiri na lori. Shayiri ile wape maskini, sema ni nadhiri. Ila wewe Aba, nakuapisha kwa mikono inayoshika msalaba, usimtaje Tirunesh kati ya wafu. Sala ile isisomwe juu ya jina lake. Mtaje na wagonjwa, mtaje na wasafiri, popote utakapopata nafasi, lakini si pale.

Usiniulize kama yu hai, mama. Trekta limekwisha vuka kijito, na kule walikokwenda sioni hata moshi. Sijui lolote. Najua tu kwamba sikumzika.

Ayalew anakusalimu, anasema umwombee. Nami nakubusu magoti yote mawili, hasa lile linalouma. Aba akimaliza, barua hii itiwe motoni, na wewe unywe kahawa yako mpaka ya tatu.

Ni mimi mwanao,
Yeshimebet