Maji ya Malwa Nimeyapooza, Kidonda Hakiponi

Mpendwa Bi Rukiyah, nisaidie mawazo, maana nimebaki peke yangu na siri ya mume wangu. Mimi ni mama wa huku Kirewa, nauza malwa, pombe yetu ya nafaka ya wimbi, nyumbani, watu wanazunguka chungu na mirija yao na mimi ndiye naongeza maji ya moto, na mume wangu Othieno hukaa nao kama kawaida, sasa tangu tulipopanda wimbi ana kidonda pembeni mwa ulimi, akaniambia ni maji yangu yamemchoma, nikaamini ni mimi nimemuumiza, nikaanza kuyapooza kabla ya kuyamwaga chunguni mpaka wateja wananung'unika, lakini wimbi tumeshavuna na kidonda kiko palepale.

Siku hizi mrija anaupeleka upande mwingine wa mdomo, na kutafuna ni upande huohuo, kwa hiyo viazi nampondea, mboga nazichemsha mpaka zinalainika kabisa, watoto wakiuliza nasema ni meno yangu yanauma ili wasimwonee baba yao huruma. Halafu rafiki yake Ofwono alimpa mrija wake wavute pamoja, jambo walilofanya tangu ujana, Othieno akakataa kwa kuogopa kumwambukiza, na Ofwono akadhani anashukiwa kutia sumu, akaondoka na hajarudi tena. Nilipomwambia twende hospitali akasema, "Mama Ritah, wewe nyamaza. Watu ya Ritah walete mahari kwanza, ndio nakwenda. Sitaki waone mimi ni mgonjwa." Mahari ya huyo binti yetu ni mwisho wa mwaka, na ameniapisha nisiseme kwa mtu. Nampenda huyu mzee, Bi Rukiyah, hajawahi kuninyanyulia mkono, nikisema nimemsaliti, nikinyamaza naogopa nitampoteza. Nifanye nini?

Mama Ritah, Kirewa

*

Mama Ritah, pole sana mwenzangu. Mimi pombe sinywi, na mume wangu Abdunoor amenicheka kuona naandika habari za malwa, lakini barua yako imenigusa.

Jitoe lawama kwanza. Ulimi ukiungua hupona baada ya siku chache. Na chungu si ni kimoja? Mbona wengine wote hawana vidonda? Maji yako hayana kesi.

Kidonda cha mdomoni kisichopona baada ya wiki mbili au tatu si cha kusubiri. Sisemi ni saratani, maana siwezi kuona ulimi wa mumeo nikiwa hapa Busia, lakini saratani ya mdomo huanza hivyo hivyo, na mara nyingi mwanzoni haiumi, ndiyo maana watu huipuuza. Mtazame vizuri mchana, kwenye mwanga. Kuna doa jeupe au jekundu lisilofutika? Papasa shingo na chini ya taya kama kuna uvimbe. Muulize kama sikio linamuuma upande huo, kama chakula kinakwama, kama kuna jino limelegea bila sababu. Muulize kuhusu tumbaku pia, maana hukuitaja na wazee wengi huibana chini ya mdomo. Tumbaku na pombe zikikutana mdomoni huongeza hatari sana. Lakini hata usipoona chochote zaidi ya hicho kidonda, bado aende.

Sasa nikugombeze kidogo. Hivyo viazi umeviponda kwa mapenzi, na machozi yalinilenga niliposoma. Lakini mama, umemwondolea shida ya kula ukamwachia kidonda. Angehangaika na chakula angeshatafuta daktari zamani. Mpikie laini, sawa, ila usimfichie tena. Na hicho kiapo hakikufungi, kwa sababu kinamdhuru yeye mwenyewe.

Leo hii nenda kwa Ofwono. Mwambie mrija wake haukukataliwa kwa sababu ya sumu, umekataliwa kwa kumpenda. Atakasirika kwamba hakuambiwa mapema, kisha atakuja. Wewe Othieno amekuzoea, anajua kukunyamazisha. Kwa Ofwono hataweza.

Nendeni hospitali Tororo mkamwone daktari wa meno na kinywa. Wakiwapa dawa ya kusukutua tu na kuwarudisha nyumbani, semeni kwa upole lakini msiondoke: hiki kina miezi, tunaomba kipimwe. Huenda akakatwa kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe. Msisikilize wanaosema kisu hueneza ugonjwa, wamezika wengi kwa maneno hayo. Ikiwa ni saratani na ikakutwa mapema, watu wanatibiwa na wanapona.

Wakwe wanakuja kuonana na baba wa Ritah, hawaji kumkagua ulimi. Mwambie kama kweli anataka kuwa hai akae kwenye kiti cha baba wa binti siku ya mahari, basi aondoke nyumbani wiki hii. Akinuna, mwache anune njia nzima mpaka kwa daktari.

Bi Rukiyah