Tisini na Sita

Alhamisi, 5 Juni 2025

Siku ya nne na gari langu. Langu! Kiinua mgongo cha miaka thelathini na minne ya ualimu, na leseni ya udereva nikiwa na miaka sitini na moja. Wenzangu wa rika hili hapa Manga wanabebwa. Mimi nabeba.

Binti yangu Ruth alirudi kazini Eldoret jana. Kabla ya kuondoka alinifundisha ile app. Gari lina laini yake ya simu ndani, na linaongea na simu yangu na yake pia: liko wapi, milango imefungwa au la. Na kila jioni linatoa alama za udereva juu ya mia. Bure hadi mwisho wa Agosti. Baadaye ni elfu kumi na mbili kwa mwaka.

Alama ya leo: 58.

Mimi, 58.

Jumapili, 8 Juni

Nimesoma maelezo. Breki za ghafla, tisa. Tano ni kuku. Tatu ni bodaboda. Moja ni ng'ombe wa jirani yangu Abner, aliyesimama katikati ya barabara kama mwenye hatimiliki. Mashine imeona breki, haikumwona ng'ombe. Kungekuwa na pa kukata rufaa ningekata.

Halafu nikawaza insha zote nilizozichora wino mwekundu. Nilijuaje huyo mtoto alikuwa anakwepa nini? Sikulipenda swali hilo. Nikaenda kukamua.

Jana Sabato sikuangalia alama mpaka jua lilipozama. Lakini nililiangalia jua sana.

Saa moja jioni Ruth akapiga. Leo ngapi, Mama? Anaziona kwake pia, ila anataka nizitamke mwenyewe, kama mwanafunzi mbele ya darasa. Sitini na moja, nikasema. Akacheka, akasema hiyo ni C, tena ya huruma. Tulicheka mpaka nikakohoa. Huyu ndiye Ruth aliyezoea kupiga Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, dakika nne, umeamkaje, umekulaje, kwaheri.

Jumatano, 9 Julai

79. Siri ni kushuka mteremko kwa gia ya chini, na kupiga honi kabla ya kuku, si baada.

Ruth anapiga kila jioni sasa. Alama kwanza, kisha mengine. Ameniambia mkubwa wake wa maabara ana hasira za bure. Ameniambia alilia chooni mwezi wa Machi, na hakuna aliyejua. Mwezi wa Machi! Niliongea naye dakika nne mwezi huo, nikamwuliza habari za mvua.

Siku hizi nafunga ng'ombe mapema. Saa moja inanikuta nimeketi.

Jumapili, 10 Agosti

94! Nilimwambia Abner bila yeye kuniuliza. Nilimwambia na mhazini wa kanisa. Mama wa mboga pale Daraja Mbili nilimwambia nikiwa bado nachagua managu, akanipunguzia bei. Labda ni bahati tu. Sidhani.

Jumatano, 27 Agosti

Siku nne zimebaki. Ni lazima niamue.

Nilipeleka gari kwa fundi Mose, Suneka, kubadilisha oili. Nikamwuliza maoni yake. Akafuta mikono. "Madam, hii kitu unalipia ya nini? Gari ni yako, barabara unaijua. Mimi nakuwekea alarm, unalipa mara moja, imeisha."

Abner naye alinikuta getini. "Mwalimu, kulipia gari yako kila mwaka ni kama kulipa kuku yako ndio itage." Nikamwambia aanze kwanza kufunga ng'ombe wake.

Jioni nikachora safu mbili, kama nilivyowafundisha watoto. Faida: kufungua milango kwa simu — nina ufunguo. Kujua gari liko wapi — liko chini ya dirisha langu. Kuwasha kipoza hewa kutoka mbali — Manga hii, tunakoamka na sweta? Alama — najua naendesha vizuri, sihitaji kuambiwa. Safu ya pili: elfu kumi na mbili. Mtoto wa darasa la nne angepata jibu.

Kuna faida moja sikuiandika. Naiandika hapa: Ruth.

Jumapili, 31 Agosti

Siku ya mwisho. Nikaenda Kisii mjini na kurudi, na soko lilikuwa limejaa hadi barabarani. 96! Haijawahi kutokea. Ruth alipiga makofi, nikayasikia kwenye simu.

Hakusema lolote kuhusu kulipa. Nami sikusema. Ningeulizaje? Ruth mwanangu, nisipolipa bado utapiga? Sijawahi kumwomba mtu anijali, sitaanzia kwa mtoto niliyemnyonyesha.

Silipi. Kama anapiga kwa ajili ya alama, basi simu na alama na ziende pamoja.

Nimeandika hivyo kwa mkono imara. Moyo si imara hata kidogo.

Jumatatu, 1 Septemba

App ni ya kijivu. Huduma imekwisha, inasema. Hata gari lenyewe halionekani kwenye ramani, na mimi nimelikalia.

Saa moja kamili, simu! Ruth. Leo ngapi, Mama?

Labda hajafungua yake leo. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikasikia mdomo wangu ukisema: tisini na sita.

Akasema hongera, Mama. Tukaongea dakika arobaini.

Jumanne, 2 Septemba

97, nimemwambia. Akasema unapanda tu, wewe mama.

Mwaka wa 1998 nilimrudisha mvulana nyumbani akamlete baba yake, kwa sababu alikuwa amegeuza 36 kuwa 86 kwenye ripoti. Nilimhutubia mbele ya gwaride. Njia ya mwongo ni fupi, nilisema, na shule nzima ikarudia. Leo mwalimu yuleyule anajiandikia alama kutoka hewani. Sijui tena huyo mvulana alipo. Ningemwomba radhi kidogo.

Jumatano, 3 Septemba

Nilishuka hadi 93 makusudi, isije ikaonekana napika. Ruth akauliza kulikoni, ni kuku? Nikasema ndiyo, wawili, pale karibu na kanisa. Akauliza wa rangi gani. Nikasema mmoja mweupe.

Haiwezekani kuendelea hivi. Kesho nalipa, uongo ugeuke kweli.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekaa ndani ya gari, daftari juu ya usukani. Bado dakika chache kufika saa moja.

Nimefungua ukurasa wa malipo. Kabla ya malipo wanaonyesha historia ya akaunti. Nimeisoma mara tatu, na miwani, na bila miwani. Akaunti mbili zimefungwa, 1 Septemba. Mmiliki, Nyanchoka, yaani mimi. Mtazamaji, Ruth. Taarifa ilitumwa kwa wote wawili. Ya kwangu haijasomwa. Ya Ruth ilisomwa Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi.

Asubuhi.

Yaani alijua. Kabla ya tisini na sita alikuwa anajua. Aliposema hongera alikuwa anajua. Na kuku! Akaniuliza mpaka rangi.

Sijui kama nina aibu au nina furaha. Nina zote mbili, na furaha ndiyo kubwa. Huyo ni mtoto wangu, nimemlea mimi.

Kisanduku cha nambari ya siri kimetokea kwenye simu, kinanisubiri. Sijaandika hata tarakimu moja.

Saa moja. Kisanduku kimepotea, jina la Ruth limetokea mahali pake. Sina alama yoyote leo. Simu inaita, na najua ataniuliza ngapi.