Mnoma wa Nyumba Yetu

Jumanne usiku

Na mimi ndiye niliyewafundisha watu wa mtaa mzima wa Umoja Sheng, lugha ya vijana!

Saa tatu, binti yangu Achieng akanipa simu yake niifungie kwenye mkebe wa unga, sheria yangu hiyo. Kwenye kioo cha simu nikaona alichomwandikia rafiki yake: "Siwezi kuchati, kuna jamaa mnoma hapa kwetu."

Enzi zetu noma ilikuwa shida tupu, basi mnoma ni mtu hatari. Nikachungulia hadi chini ya kitanda.

"Wee Achieng, mnoma gani yuko humu?"

Akacheka hadi akakaa sakafuni. "Si ni wewe, baba! Mnoma siku hizi ni mtu hodari."

Bado naogopa watu nisiowajua wanaomfikia humo simuni. Lakini nikampa nusu saa zaidi. Mnoma lazima awe na roho nzuri.