Kifaa cha Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Wakili Aminieli amevunja kioo cha kompyuta kwa ngumi. Damu hadi kwenye mafaili. Kitabu chake cha sheria za ardhi hakifunguki! Alikinunua mtandaoni, ameandika maelezo yake pembeni miaka miwili. Barua pepe ya wauzaji inasema akaunti imefunguliwa kwenye vifaa saba, mwisho ni sita, kitabu kimeondolewa. Kitabu alichokinunua! Ernesta, katibu muhtasi wetu, alininong'oneza kwamba kumbe kwa masharti ya wauzaji bosi alikuwa amekodi tu. Na Alhamisi ana kesi ya mfereji wa kijiji cha Kihurio.

Kifaa cha saba ni simu yangu mimi, karani wake. Jumamosi nilitumia nywila yake, nisome nyumbani. Nilitaka kujifunza tu.

Jumanne, 4 Machi

Anamshuku Sifael, tarishi, kwa sababu ndiye humchajia simu. Alimkaba shingo, akambamiza ukutani. "Nywila yangu umempa nani, mbwa wewe?"

"Mzee, mimi nakupa shikamoo tu kila asubuhi. Nywila ni mdudu gani?"

Angenyamaza! Rula ya chuma ilimpata mdomoni. Jino likadondoka. Mimi nilikuwa napanga faili lile lile mara ya tatu.

Jioni nimekifungua kitabu kwenye simu yangu. Kipo! Na maelezo yake yote. Sijawasha data tangu Jumamosi, kwa hiyo amri ya kufuta haijanifikia. Nilipiga picha ya skrini nimtumie kwa siri — nyeusi tupu. Wamezuia hata hilo. Kunakili kwa mkono? Mwandiko wangu anaujua.

Jumatano, 5 Machi

Naandika stoo, nimejifungia. Wakili ameuweka mkono wa Sifael kwenye droo, akaipiga teke. Nilisikia mfupa. Sasa anataka simu zetu zote mezani. Anasema akikipata kitabu, Sifael ataenda hospitali. Asipokipata, mkono wa pili.

Nikimpa simu, Sifael anapona. Na mkono unaofuata ni wangu.

Ernesta anagonga. "Mdogo wangu, toka. Imebaki yako tu."

Sifael analia. Anamwambia bosi amwite yule karani kijana, ana akili za mitandao, huyo atakirudisha kitabu. Ananitaja kwa jina! Hajui.

Kukifuta kwa kidole changu siwezi. Wacha wakifute wauzaji wenyewe.

Nimewasha data. Kijiduara kinazunguka.